Choo cha Mfano cha Bi Hadia

Si zamani sana, wala si mbali sana, ipo nchi ambayo jina lake nalimeza kwa sababu nina watoto wa kulea. Ni nchi njema. Serikali yake inawapenda wananchi mpaka chooni. Asije mtu akasema natia chumvi: nchi hiyo ina Wizara nzima ya Maliwato, Mabomba na Maadili, yenye ghorofa sita, wafanyakazi mia nne na wimbo wake wa asubuhi. Sheria yake ni fupi. Mwananchi haruhusiwi kubadilisha choo wala bafu la nyumba yake, hata kigae kimoja, bila kuchora ramani, kuipeleka Wizarani na kupewa kibali.

Wananchi nao ni watu wema, hawapendi kuisumbua Serikali yao. Kwa hiyo wakitaka kuvunja choo wanafungulia redio. Ndiyo desturi. Huko Mikoroshini, mtaa mkongwe pembezoni mwa mji mkuu, ukisikia saa sita mchana redio ya mtu inalia mpaka mabati yanatetemeka, ujue ndani kuna nyundo inafanya kazi. Majirani huwasha zao pia, kila mmoja na stesheni yake, ili mjumbe wa mtaa akipita asikie fujo tu, asijue inatoka wapi. Mjumbe mwenyewe alibadilisha choo chake mwaka juzi. Alipiga taarabu siku nne mfululizo.

Mtu mmoja tu hakuwa na akili hiyo. Mzee Mwinjuma alifundisha useremala katika shule ya serikali miaka thelathini na minane, na kila darasa jipya alilipokea kwa maneno yaleyale: "Chora kwanza. Pima mara mbili. Kata mara moja." Alistaafu na rula yake ya mbao, penseli nyuma ya sikio, na mke wake Bi Hadia, ambaye alimwita Mwalimu hata walipokuwa wawili tu chumbani.

Mwaka mmoja Bi Hadia alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikagoma. Mdomo, alhamdulillahi, ukabaki mzima pamoja na utani wake wote. Lakini choo cha nyumba yao kilikuwa cha kuchuchumaa, na mlangoni mwake kulikuwa na kizingiti cha saruji kilichofika katikati ya muundi, kilichojengwa na wazee kuzuia maji yasitoke. Mwinjuma, mwenye miaka sabini na moja na ngiri isiyotibiwa, ikambidi ambebe mkewe kumvusha, kisha amshikilie makwapani huku uso ameuelekeza ukutani ili asimwaibishe.

"Siku ya harusi hukunibeba hivi," Bi Hadia alimtania siku za mwanzo. "Ulisema kanzu itachanika."

Baadaye utani ukakoma. Akaanza kukataa chai, halafu maji. Kila akipelekewa kikombe anasema ameshiba. Mwinjuma hakuwa mjinga. Alijua mkewe anajinyima ili asimpe kazi ya kumbeba. Daktari wa zahanati aliwaambia waziwazi kwamba mama huyu asipokunywa maji, figo zitamwondoa mapema kuliko kiharusi.

Basi dawa haikuwa ya kununua duka la dawa. Ilikuwa mambo matatu: choo cha kukaa, chuma cha kushikia ukutani, na kuvunja kile kizingiti. Fundi Maulidi aliingia, akagonga ukuta kwa vidole, akasema ni kazi ya siku tatu.

"Redio unayo?" akauliza.

"Sina haja ya redio," alisema Mwinjuma. "Nitaomba kibali."

Fundi alidhani mzee anafanya mzaha, akacheka mpaka akakohoa. Jirani yao, Mama Pili, alipopata habari alikuja mbio na kanga mkononi. "Mwinjuma, baba, vunja! Redio yangu nakuazima, ina spika mbili."

"Mama Pili, nimefundisha watoto maelfu kufuata utaratibu. Leo uzeeni nivunje kwa kujificha, kwani mimi mwizi?"

"Haya," alisema Mama Pili. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

Bi Hadia, kutoka kitandani, alimwangalia mumewe akichonga penseli. "Mwacheni Mwalimu," alisema. "Asipochora ataugua."

Ramani ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Kila kipimo kilikaa mahali pake, mistari imenyooka, na pale kwenye kizingiti aliandika neno moja kwa herufi kubwa: ONDOA.

Mama wa mapokezi Wizarani alikuwa anafuma kitambaa cha meza. "Umepotea?" alimuuliza Mwinjuma. "Hospitali ni ng'ambo ya barabara."

"Nimeleta ombi la kubadilisha choo."

Kitambaa kilimdondoka. Akapiga ukelele. Milango ya ghorofa zote sita ikafunguka, watu wakamiminika ngazini kumwona mwombaji, maana tangu Wizara ianzishwe, miaka kumi na tisa iliyopita, hakuwahi kutokea hata mmoja. Walikuwa wamepandishwa vyeo, wamekwenda semina nchi za nje, wamebadilisha mapazia mara tatu, lakini mwombaji walikuwa hawajamtia machoni.

Mkurugenzi wa Mipango ya Misalani, Bwana Tegemea Ngoda, alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Shikamoo tena. Hujui umetufanyia nini. Kaa, kaa hapa kwangu." Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaifungua ramani, akaibusu. Kisha akafuta machozi na kuvaa miwani. "Nyumba ni ya lini?"

"Ina miaka hamsini na tatu."

"Ala!" Uso wa Bwana Ngoda ulianguka. "Basi hiyo ni kongwe. Nyumba ikishafika miaka thelathini ni urithi wa Taifa, haiguswi. Wajukuu zetu watajifunzia wapi mababu zao walivyochuchumaa?"

"Na nyumba mpya je?"

"Mpya ndiyo kabisa! Nyumba ambayo haijafika miaka thelathini haina kasoro, maana imezinduliwa na Serikali. Kutaka kuibadilisha ni kumtukana aliyeizindua."

Mwinjuma alihesabu kidogo kichwani, ualimu haumtoki mtu. "Sasa mwanangu, nyumba inabadilishwa lini?"

"Siku yenyewe ya kutimiza miaka thelathini," alisema Bwana Ngoda. "Lakini siku hiyo kwa sheria ni sikukuu ya nyumba, na ofisi tunafunga."

Alipomwona mzee anakunja ramani yake polepole, alimshika mkono. Kumwacha mwombaji wa kwanza aondoke hivihivi asingeweza, alikuwa radhi hata kumfungia lango. "Subiri. Kuna kifungu cha dharura ya mwili. Kamati itakuja kuthibitisha uhitaji."

Kamati ilikuja Jumatano, watu kumi na mmoja, wote wanaume. Walikaribishwa soda. Choo kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja na ndoo, kwa hiyo walipanga viti ukumbini, mlango wa choo ukaachwa wazi, na mwenyekiti akasafisha koo.

"Mama," alimwambia Bi Hadia kwa upole sana, "Wizara inatambua mateso yako. Ila Wizara haiwezi kuamini mateso ambayo haijayaona. Tunaomba utuonyeshe unavyoshindwa."

Bi Hadia alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama mumewe.

Hapa, ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba Mwinjuma aliwafukuza. Chupa za soda zilikuwepo, angewarushia. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na kibali kilikuwa pale pale kwenye mkoba wa katibu. Alipiga magoti mbele ya mkewe. "Dakika moja tu, Hadia," alinong'ona. "Dakika moja, halafu hutabebwa tena."

"Mbele ya hawa, Mwalimu?"

"Dakika moja."

Akamsimamisha, akamfikisha kizingitini, kisha akaombwa amwachie ili ushahidi usichafuliwe. Akamwachia. Bi Hadia aliinua mguu wa kulia, wa kushoto ukakataa, akaanguka kifudifudi nusu ndani nusu nje, kanga ikamfunuka. Kamati ikapiga makofi, si kwa ubaya, bali kwa kuwa zoezi limekwenda vizuri. Katibu akaandika: Mhitaji ameshindwa kwa kiwango cha kuridhisha.

Mwinjuma alimfunika, akamnyanyua. Bi Hadia hakulia. Tangu siku ile alianza kumwita mumewe Mzee Mwinjuma, kama watu wengine. Maji alikunywa vijiko viwili kwa siku, vya kumezea vidonge.

Wiki tatu zikapita bila jibu. Mwinjuma akaamua kumpeleka mkewe kwa binti yao, Mwanahawa, aliyekaa Upeo, mtaa mpya upande wa pili wa barabara kuu. Mzee alitangulia peke yake kwenda kupaona. Upeo kulikuwa na nyumba mia saba za Serikali, zote sawasawa, zote za rangi ya maziwa. Na mabafu yake! Sinki mbili, hodhi la kuogea la kulala mtu mzima, kioo cha kuta mbili, koki saba zinazong'aa. Choo cha kukaa kipo, chuma cha kushikia kipo, kizingiti hakipo. Mwinjuma aliona machozi yanamlenga kwa furaha. Akafungua koki ya kwanza, ikavuta pumzi. Akafungua ya pili.

"Usihangaike, baba," alisema Mwanahawa. "Mabomba yako kwenye awamu ya pili. Ukutani mle hamna kitu."

"Awamu ya pili lini?"

"Mwaka wa sita huu. Hodhi naweka mkaa, sinki naanikia dagaa. Tukibanwa tunavuka barabara, tunapiga hodi kwenu Mikoroshini. Kwani hukuwahi kujiuliza wageni wote wale wanaokuja kumjulia mama hali, mbona kila mmoja anaomba kwenda msalani?"

Mzee alikaa kwenye ukingo wa hodhi, akatoa penseli, akachora ramani ya pili: bomba moja kutoka tanki la mtaa, mita kumi na mbili. Aliipeleka Wizarani kesho yake. Bwana Ngoda aliisoma, akaenda kufunga mlango wa ofisi.

"Mzee wangu, unaandika hapa kwamba hamna maji. Nyumba hizi amezizindua Mlezi Mkuu wa Nchi kwa mkono wake. Alifungua koki, tukapiga makofi. Unataka kusema tulipigia makofi nini?" Akaichana vipande vidogo vidogo, akavitafuna kwa usalama wa wote wawili. Kisha akameza na kutabasamu. "Lakini ile ya kwanza imefika kwa Waziri. Rudi nyumbani, mzee. Kuna jambo kubwa linakuja."

Jambo kubwa lilikuja na magari tisa. Mheshimiwa Waziri, Profesa Luteni Mstaafu Adelhelm Kwangaya, alisimama uani kwa Mwinjuma, mikono ameifumbata tumboni, akahutubia mtaa.

"Ndugu wananchi! Kuna mataifa yamekwenda mwezini. Yamepata nini? Vumbi! Sisi tumesema hapana, tutakwenda msalani! Hapa, katika nyumba ya mzee huyu mnyonge, Serikali yenu sikivu itajenga Choo cha Mfano cha Taifa! Kikongwe kwa heshima, kipya kwa mvuto! Mama Hadia, uko wapi, mama? Umelala? Mwacheni alale, Serikali iko macho!"

Watu walishangilia. Mwinjuma naye alishangilia, jamani, tusimcheke. Alikwenda mpaka kitandani, akamwambia mkewe kwamba dakika ile moja haikwenda bure. Bi Hadia aligeukia ukutani.

Kazi ilianza kwa kuvunja choo cha zamani siku hiyohiyo, ili kuonyesha kasi. Baada ya hapo kasi ikapumzika. Siku tatu za fundi Maulidi zikawa miezi minne, na miezi yote hiyo Bi Hadia alitumia ndoo nyuma ya pazia, akisaidiwa na Mama Pili. Marumaru yaliagizwa ng'ambo, yakaja ya rangi isiyo yake, yakarudishwa. Bomba la mtaa mzima lilikatwa na kuelekezwa kwa Mwinjuma, ili Choo cha Mfano kisikose maji hata dakika moja. Mikoroshini yote ikaanza kununua maji kwa madumu, na majirani wakaanza kumpita mzee barabarani bila salamu.

Kilipokamilika, Mwinjuma aliruhusiwa kuchungulia kwa mlangoni. Ramani yake ilikuwa imefuatwa, hilo nikiri. Kiti kilikuwepo, ila kimewekwa juu ya jukwaa la ngazi tatu, maana wataalamu walisema cha mfano hakiwezi kuwa chini. Chuma cha kushikia kilikuwepo, kimepakwa rangi ya dhahabu, ila kimefungwa juu karibu na dari, kinaning'iniza bendera. Na kizingiti hakikuondolewa.

"Hicho ni sehemu ya urithi," alieleza Bwana Ngoda kwa fahari. "Tumekivisha marumaru. Kimepanda kidogo."

Kilikuwa kimefika gotini.

"Bwana Ngoda," Mwinjuma alisema, "niliandika ondoa."

"Na tumeliona, mzee. Ndiyo maana ramani yako tumeitundika pale ndani, kwenye fremu, juu ya sinki."

"Basi sawa. Nitambeba. Maji yanatoka?"

"Yanatoka vizuri mno."

"Naomba nimwingize sasa hivi. Ana siku mbili hajakojoa."

Bwana Ngoda alirudi nyuma hatua moja, akasimama katikati ya mlango. "Astaghfirullah, mzee! Kabla ya uzinduzi? Mlezi Mkuu ndiye wa kwanza. Agizo liko wazi: asikitumie mtu yeyote aliye hai kabla yake." Akaonyesha utepe mwekundu mlangoni, na askari mmoja mwenye bunduki kwenye kigoda, aliyekuwa anatazama chini muda wote.

"Atakuja lini?"

"Ratiba yake imebana. Muombee."

Kutoka kitanda cha Bi Hadia hadi utepe ule ni hatua tisa. Mwinjuma alizipima, kwa mazoea. Usiku na mchana waliyasikia maji yakijaa na kujimwaga ndani mle, kwa kuwa mafundi waliacha koki moja ikidondosha makusudi, kuthibitisha huduma ipo. Hatimaye alimpelekea mkewe maji kwa kikombe, akamwinua kichwa.

"Kunywa, Hadia. Nitakuletea ndoo mwenyewe. Kunywa, nakuomba."

Miguu ilikuwa imevimba, macho yamekuwa manjano. Alinywa kidogo, mengi yakamwagikia kifuani. "Mwalimu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya kamati, "ungewasha tu redio."

Alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri.

Wanawake walikuja kumwosha, wakakuta hakuna maji. Mtaa mzima mabomba makavu, madumu yote yamekwisha, na gari la maji halifiki mpaka jioni. Ndipo Mama Pili alipokwenda kusimama mbele ya askari, kanga ameifunga kiunoni.

"Utanipiga risasi au utanipisha?"

Askari alitoa karatasi ya agizo mfukoni. Aliisoma, akairudia kwa kidole. "Wameandika mtu aliye hai," alisema polepole. "Kwa huyu sijazuiwa." Akaulegeza utepe mwenyewe, akausogeza pembeni kwa adabu.

Wakambeba Bi Hadia wanawake wanne, wakamvusha kile kizingiti bila kumgusisha hata kidogo, wakamlaza juu ya ubao, chini ya bendera. Maji yalitoka vizuri mno. Mwinjuma alikaa uani akiyasikiliza mpaka yakafungwa.

Walikuwa bado hawajatoka makaburini Bwana Ngoda alipofika mbio na mkoba. Alitoa pole nyingi, za kweli kabisa, akalia zaidi ya baadhi ya ndugu. Kisha akamvuta mfiwa pembeni. Kwa kuwa marehemu ndiye mtumiaji wa kwanza, kuna fomu. Maswali ni machache, angeyajaza mwenyewe asimsumbue mzee. Je, mtumiaji ametumia huduma kikamilifu? Ndiyo. Je, alikuta maji? Ndiyo. Je, ametoa lalamiko lolote? Bwana Ngoda alifikiri, akatazama kaburi, akaandika: Hakutoa. Akampa Mwinjuma kalamu aweke sahihi, na mzee, mikono bado ina udongo, aliweka. Miaka thelathini na minane ya utaratibu haiishi siku moja.

Siku ya arobaini ilipopita, saa sita mchana, Mwinjuma alikuwa peke yake ukumbini, redio yake ndogo inazungumza chinichini. Ikaja taarifa ya habari. Mheshimiwa Waziri alikuwa akiliambia Bunge kwamba Choo cha Mfano cha Taifa kimefanikiwa kwa asilimia mia moja. Kwamba kila mtumiaji aliyehojiwa ameridhika. Kwamba mtumiaji mmoja, mama mtu mzima, alihudumiwa humo kwa heshima zote na hakufungua mdomo kulalamika. Wabunge walipiga meza.

Mwinjuma alinyanyuka. Alikwenda kwenye sanduku lake la shule, akaacha rula, akaacha penseli, akatoa nyundo ya kilo tano. Alirudi mpaka kwenye redio, akashika kitufe cha sauti na kukizungusha hadi mwisho, Waziri akanguruma mpaka mabati yakatetemeka. Kisha akapiga magoti mbele ya kizingiti. Hakupima. Alipiga, marumaru yakapasuka, akapiga tena, machozi na vumbi vikichanganyika usoni, akimwita Hadia kila nyundo ilipotua.

Kwa Mama Pili redio iliwaka, ile ya spika mbili. Ikafuata ya nyumba ya pili, kisha ya mjumbe, na ya wale waliokuwa wamemnunia kwa ajili ya maji. Askari, ambaye tangu msiba alihamia uani na kigoda chake, aligeuza kichwa, akasikiliza kidogo, akatambua ni nini. Alikihamisha kigoda mpaka nje ya lango, akakaa, akatoa redio yake ndogo mfukoni, naye akaongeza sauti.